Nyuma ya Kaunta ya Maktaba

Mwulize kijana yeyote aliyewahi kujisomea katika maktaba ya mkoa kazi ya mkutubi ni ipi, na majibu yatafanana: anagonga mihuri, anapokea mabegi mlangoni, anadai faini, anakemea wanaonong'ona. Wapo watakaoongeza kwamba ni kazi nyepesi ya mtu anayependa kukaa. Mzazi naye, akisikia mwanawe amepangiwa kusomea ukutubi, huuliza kwanza kama nafasi zilikuwa zimekwisha kwingine.

Kudharauliwa huku hakuko kwetu tu. Nchini Marekani, filamu ya It's a Wonderful Life ya mwaka 1946 ilipotaka kuonyesha maisha ya mwanamke yaliyokwenda kombo, ilimfanya mkutubi asiyeolewa. Mwaka 2003 ikatoka sanamu ndogo ya kuchezea yenye sura ya Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle. Ukibonyeza kitufe, mkono unapanda na kidole kinafika mdomoni kukunyamazisha. Wamarekani humcheka mkutubi kwa ukali na upweke wake. Sisi hatumcheki, ila tunamhesabu kuwa mtunza stoo, na zipo sababu.

Ya kwanza ni namna tunavyoitumia maktaba. Wasomaji wengi wa mijini huingia na madaftari yao wenyewe. Wanachotafuta ni meza, mwanga na utulivu wa kujiandaa na mtihani, na hutoka bila kugusa rafu. Mtu wa namna hiyo hukutana na mkutubi mara mbili tu: anapoacha begi na anapoambiwa apunguze sauti. Sababu ya pili iko shuleni. Maktaba hukabidhiwa mwalimu ambaye tayari ana ratiba iliyojaa vipindi, na vitabu vikipungua anaulizwa yeye. Afanyeje? Anafunga kabati na ufunguo anautia mfukoni. Mwanafunzi anamaliza shule akiamini kwamba msimamizi wa vitabu ni mtu wa kuvizuia visitoke.

Sasa tuingie nyuma ya kaunta. Mzee mmoja anafika, anasalimiwa, kisha anauliza, "Mwanangu, mna vitabu vya ardhi hapa?" Karani angemwonyesha rafu moja. Mkutubi aliyefunzwa anajua kwamba "ardhi" imetawanyika maktaba nzima: udongo na rutuba yake viko kwenye rafu ya namba 631.4, uchumi wa ardhi uko 333, sheria za umiliki ziko 346.04. Kwa hiyo naye anauliza: "Mzee wangu, ni kwa ajili ya kilimo, au kuna shauri?" Hapo ndipo linapotoka la moyoni: jirani amesogeza mpaka wa shamba kijijini. Kumbe anachohitaji ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, pamoja na maelezo ya lugha nyepesi juu ya baraza la kupeleka malalamiko. Mkutubi hamhukumii kesi yake wala hamfanyii kazi ya wakili. Anamfikisha kwenye maandishi sahihi kabla hajapoteza nauli na muda. Mahojiano haya mafupi hufundishwa chuoni na kufanyiwa mazoezi, kwa sababu watu wengi huuliza jambo pana kuliko lile linalowasumbua, hasa likiwa la aibu au la ugomvi.

Hata namba zile mgongoni mwa vitabu hazikujiandika. Mfumo unaotumika katika maktaba nyingi za umma ni wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Katika fungu la dini, Biblia na Ukristo vilipewa namba 220 hadi 289. Uislamu wote ukabanwa ndani ya 297. Mkutubi wa Tanga au Mombasa, mwenye rafu ndefu za vitabu vya Kiislamu, hana budi kuamua aende desimali ya ngapi ili Qur'ani na tafsiri zake, zenye 297.122, zisirundikane na maisha ya Mtume, yenye 297.63. Akikosea, kitabu kimepotea kingali rafuni. Akipatia, msomaji ananyoosha mkono, anakipata, anakwenda zake bila kujua kwamba kuna mtu aliyefikiri kabla yake.

Juu ya hayo kuna maadili. Kanuni za shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, za mwaka 2012 zinamtaka mkutubi alinde siri ya msomaji. Binti aliyeazima kitabu kuhusu virusi vya UKIMWI ana haki ya kutotajwa kwa mtu, hata kwa shangazi yake atakayekuja kupeleleza.

Ujuzi huu husomewa. Makerere ilianza kufundisha wakutubi wa Afrika Mashariki mwaka 1963, na Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Lakini tukubali pia kwamba baadhi yetu wakutubi tumeilea sifa mbaya kwa kukaa kimya kaunta, tukingoja kuulizwa na watu ambao hawajui kwamba wanaruhusiwa kuuliza.

Tiba yake haihitaji kampeni kubwa. Mkuu wa shule ampunguzie vipindi mwalimu wa maktaba, na kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kisigeuzwe deni lake. Mkutubi naye ainuke, amfuate msomaji anayezungukazunguka kati ya rafu. Nawe utakapoingia maktaba, usianze na jina la kitabu. Mweleze shida yako jinsi ilivyo, kisha mpime kwa msaada atakaokupa.