Gari Likigonga Mbele, Usingoje Livunjike



Wengi wetu hapa Nakivale hatuna gari, lakini sote tunapanda pikapu. Ndiyo inayopeleka mahindi na maharage sokoni Rwekubo, ndiyo inayobeba mgonjwa usiku, na ndiyo inayotufikisha kwenye lami ya kwenda Mbarara. Nyingi ni za zamani, kama Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990. Injini inaweza kuwa bado nzima, lakini mashimo na vumbi la barabara zetu humaliza vyombo vya mbele, vile vinavyoshika magurudumu na kuyageuza.

Makala hii ni kwa wenye magari, madereva na vijana wanaojifunza ufundi. Ni kwa abiria pia, maana roho inayopotea mara nyingi ni ya abiria.

KISA NILICHOKIONA

Msimu mmoja wa mvua nilipanda pikapu pamoja na mama mjamzito aliyekuwa anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Kabla ya kufika Rwekubo tulisikia mlio mkubwa. Gurudumu la kushoto likalala chini ya bodi na gari likaingia mtaroni. Kwa bahati dereva alikuwa anakwenda polepole kwa sababu ya matope, hakuna aliyeumia. Lakini yule mama alikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu, uchungu umeanza, mpaka likapatikana gari jingine. Alijifungua salama, Mungu ni mwema.

Fundi alipokuja alituonyesha bolijointi iliyochomoka. Dereva akasema: "Ilikuwa inagonga tangu mwezi uliopita. Nilisema nitabadilisha nikipata pesa."

Hilo ndilo jambo la kukumbuka: vyombo vya mbele havivunjiki bila kutoa taarifa. Hugonga kwanza.

VYOMBO VYENYEWE NA KAZI YAKE

Bolijointi: ni fundo la chuma linalozunguka ndani ya kikombe. Huunganisha gurudumu na mikono ya chuma ya juu na ya chini, ili gurudumu lipande, lishuke na kukata kona. Wenzetu waliotoka Kongo huiita rotili. Ni kitu kilekile.

Tairodi endi: ni fundo kama hilo, ila lipo kwenye fimbo zinazotoka kwenye usukani. Likichomoka, dereva anageuza usukani na gurudumu halimfuati.

Beringi: humfanya gurudumu lizunguke kwa urahisi. Adui zake ni maji, vumbi na kukosa grisi.

Bushi: ni mipira iliyo kwenye maungio ya mikono. Ikiisha, chuma hugonga chuma.

Shokapu: huzuia gari lisirukeruke. Ikivuja mafuta imekwisha.

Baadhi ya pikapu za kuvuta magurudumu manne zina ekseli moja nzima mbele, na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama vitabu. Hizo hazina bolijointi za mikono. Kwake pima beringi za fundo linalogeuza gurudumu, bushi za springi, na boliti zinazofunga springi kwenye ekseli.

JINSI YA KUPIMA

Kazi hii inahitaji jeki, mtaimbo na mtu mmoja wa kukusaidia.

1. Simamisha gari mahali tambarare. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, mbele na nyuma yake.

2. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, uinue mpaka tairi liache ardhi kidogo. Weka gogo gumu au stendi ya chuma chini ya chasisi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tofali pia halifai, hupasuka ghafla.

3. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi. Ukibaki, tazama bolijointi.

4. Pitisha mtaimbo chini ya tairi uliinue polepole. Mwenzako atazame bolijointi. Fundo likipanda na kushuka ndani ya kikombe, limechakaa.

5. Shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tazama tairodi endi na viungo vingine vya usukani.

6. Shusha gari. Kandamiza kona ya mbele kwa nguvu, uachie. Likiendelea kuyumba juu na chini mara nyingi, shokapu haifanyi kazi.

7. Tazama tairi. Likilika upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, kuna chombo kilicholegea au magurudumu hayakupangwa sawa.

JINSI YA KUBADILISHA

Kama hujawahi kufanya kazi hii, ifanye pamoja na fundi mzoefu. Hata ukimwachia yeye, yajue haya ili umsimamie.

Kwanza, ondoa nguvu ya springi. Hilux nyingi zisizovuta magurudumu manne zina fimbo ndefu ya chuma inayojinyonga badala ya springi. Kabla ya kuilegeza, pima nyuzi za boliti yake zilizobaki nje na uandike. Bila kipimo hicho gari litarudi limeinama upande mmoja. Fundi anayefungua bolijointi wakati springi ina nguvu anaweza kuvunjwa mkono.

Pili, chukua chombo cha zamani uende nacho dukani Mbarara. Linganisha urefu, nyuzi na unene wa fundo. Mpira wa kuzuia vumbi usiwe na ufa. Beringi inunuliwe pamoja na pete yake, maana beringi mpya ndani ya pete iliyolika haidumu. Shokapu zibadilishwe zote mbili za mbele.

Tatu, kabla ya kutoa tairodi endi, hesabu mizunguko inapofunguka. Mpya iingie kwa mizunguko ileile. Hata hivyo, gari lipelekwe mjini kupangwa magurudumu, la sivyo tairi jipya litakwisha upesi.

Nne, nati ya bolijointi hufungwa kwa kota pini, ile pini ya waya yenye miguu miwili. Weka mpya kila mara. Matundu yasipolingana, kaza nati kidogo zaidi. Usiilegeze. Msumari au waya wa uzio si kota pini.

Tano, beringi ioshwe na kukaushwa, kisha ijazwe grisi safi kwa mkono safi. Kaza nati huku unazungusha gurudumu, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo tu. Gurudumu lizunguke huru bila kucheza.

Sita, boliti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira hujikunja na kuchanika mapema.

TUSIYOYAFANYA

Tusichomelee bolijointi wala kugonga kikombe chake ili kibane. Tusijaze vipande vya tairi mahali pa bushi. Kufanya hivyo hunyamazisha mlio, lakini ugonjwa unabaki palepale. Gari lisilogonga tena linamdanganya dereva, naye anaongeza mwendo.

UKIWA ABIRIA

Ukisikia mbele panagonga kwenye kila shimo, au ukiona dereva anapigana na usukani barabara ikiwa imenyooka, mwambie kwa heshima asimame atazame. Usione haya. Usipande juu ya mizigo wakati gari limekwisha kujaa, kwa maana uzito huo wote unaangukia vyombo hivihivi.

Wenye gari nao wapime mbele kila mwezi, na kila mara baada ya kupita kwenye matope mengi au maji. Kipimo chenyewe hakihitaji pesa. Kama hela ya chombo kipya haijapatikana, gari lipumzike. Najua gari likilala na nyumba inalala njaa. Lakini bolijointi moja inanunulika. Gari lililopinduka na watu ndani halilipiki.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku yako ya kupanda ikifika, sikiliza mbele.