Tiketi ya Argentina 2030: Baada ya mechi, ziwani Bariloche au kwenye barafu ya Calafate?

TIKETI moja, safari moja, mechi moja. Hiyo ndiyo hesabu inayomsubiri shabiki wa Dar es Salaam au Nairobi anayeota kuziona Fainali za Kombe la Dunia 2030 zikianzia kwenye ardhi ya Maradona na Messi.

Fainali hizo wameachiwa Morocco, Hispania na Ureno. Lakini kwa kuwa mwaka huo yanatimia miaka 100 tangu fainali za kwanza zilizopigwa Uruguay 1930, Fifa iliamua Uruguay, Argentina na Paraguay kila moja iandae mechi moja ya mwanzo. Baada ya hapo timu zinapanda ndege, zinavuka Atlantiki na shughuli inahamia upande wa pili.

Hapo ndipo ishu inapoanza. Mtu amedunduliza kwenye kibubu miaka kadhaa, kavuka bahari, kashangilia dakika 90, halafu filimbi ya mwisho inalia. Kurudi kesho yake? Nauli yote ile kwa mechi moja inauma.

Siku ya kwanza haina tabu. Kuna Bombonera ya Boca Juniors na kuna Monumental ya River Plate, uwanja ambao Argentina iliichapa Uholanzi 3-1 kwenye fainali ya Juni 25, 1978. Shabiki wa soka hawezi kuikosa ziara hiyo. Ila zikibaki siku nne mkononi na mfuko unaoruhusu safari moja tu ya ndani, kusini kwenye ukanda wa Patagonia kuna majina mawili makubwa: San Carlos de Bariloche na El Calafate.

Kwenda kote kwa siku nne ni kujidanganya. Kwa barabara, miji hiyo miwili imeachana kwa takriban kilomita 1,400. Lazima mmoja aanze na mwingine akae benchi.

BARILOCHE: KIKOSI KIPANA

Bariloche ni mji wa milimani kando ya Ziwa Nahuel Huapi, katika jimbo la Río Negro. Mtu wa Mwanza akifika hapo atalielewa ziwa haraka, lakini baridi yake itamkumbusha Makete, na zaidi ya Makete.

Ukiutazama kama timu, huu ni mji wenye kikosi kipana. Mmoja akiumia, yupo wa kuingia. Kuna barabara ya kuzunguka maziwa na misitu, maarufu kama Circuito Chico, yenye urefu wa kilomita 60 hivi, ambayo mtu anaimaliza kwa siku moja akiwa anasimama kupiga picha. Kuna kilima cha Campanario, ambapo viti vinavyoning'inia kwenye waya vinakupandisha juu na kukuonyesha maziwa, visiwa na milima kwa mkupuo. Kuna hoteli ya Llao Llao iliyofunguliwa 1938, ikateketea kwa moto mwaka uliofuata na kujengwa upya. Hata asiyelala humo huenda kuitazama.

Na kuna mlima Catedral, moja ya vituo vikubwa zaidi vya kuteleza kwenye theluji Amerika Kusini.

Mvua ikiharibu ratiba, mtaa wa Mitre una maduka ya chokoleti yaliyopangana kama vibanda vya jezi Kariakoo siku ya dabi. Ndiyo maana wanafunzi wa Argentina wanaomaliza sekondari wamekuwa wakijazana Bariloche kwa safari yao ya kuagana. Mji umezoea makundi, umezoea kelele, na umezoea watu wenye bajeti tofauti.

Udhaifu wake? Hakuna kitu kimoja pale ambacho mtu akikiona anakaa chini na kunyamaza. Ni mji wa pointi tatu kila wiki. Kwa anayetaka bao la kusimuliwa hadi kwa wajukuu, anaweza kuondoka akiwa amefurahi lakini hajashtuka.

EL CALAFATE: STAA MMOJA, MECHI NZIMA

El Calafate ni habari nyingine. Ni mji mdogo wa jimbo la Santa Cruz, kando ya Ziwa Argentino, karibu na ncha ya kusini ya bara. Ukiutembea kwa miguu, saa chache zinatosha.

Lakini umbali wa kilomita 80 hivi kutoka mjini kuna staa anayebeba timu nzima mgongoni: Perito Moreno, mto wa barafu unaoshuka kutoka milima ya Andes hadi ziwani. Una urefu wa kilomita 30 hivi. Sehemu yake ya mbele ni ukuta wenye upana wa takriban kilomita tano, uliosimama mita 60 au zaidi juu ya maji. Ni sawa na jengo la ghorofa 20, lakini la barafu yenye rangi ya buluu.

Na ukuta huo unatembea. Katikati, barafu husogea karibu mita mbili kwa siku. Ndiyo maana anayesimama kwenye njia za ngazi zilizojengwa mbele yake husikia mlio kama radi, kisha kipande kinameguka na kuanguka majini. Wakati mwingine ni kidogo kama kabati, wakati mwingine ni kikubwa kama nyumba. Hakuna ratiba. Watu husimama saa nzima shingo zimenyooka, kama mashabiki wanaosubiri penalti.

Mara chache barafu hiyo husogea hadi kugusa nchi kavu ya upande wa pili na kuziba mkono mmoja wa ziwa. Maji hujaa nyuma yake, hutoboa njia chini, na mwisho daraja la barafu huporomoka. Machi 2016 liliporomoka mchana, watu wakiwa wamejaa kushuhudia. Machi 2018 likaanguka usiku wa manane katikati ya dhoruba, waliokuwa wamekesha mjini wakilisubiri wakaamka na kukuta mechi imekwisha. Ni kama kwenda kununua maji na kurudi ukakuta bao limefungwa.

Huo ndio udhaifu wa Calafate: ukimkosa staa, umekosa karibu kila kitu. Ukungu ukitanda siku yako ya pekee, hakuna wa akiba wa kiwango hicho. Mbadala mzuri ni kijiji cha El Chaltén, chini ya mlima Fitz Roy wenye mita 3,405, lakini ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari.

JUNI HUKO NI BARIDI

Wengi wanasahau jambo hili. Mechi hizo ni za Juni, na Juni kusini mwa dunia ni majira ya baridi. Katika ile fainali ya 1978, 'theluji' iliyoonekana Monumental ilikuwa karatasi zilizomwagwa na mashabiki kutoka majukwaani. Patagonia theluji ni ya kweli.

Calafate katikati ya Juni ina mwanga wa jua wa saa nane hivi tu. Asubuhi inachelewa, jioni inawahi. Njia za kutazamia barafu hutembelewa hata majira hayo, tena watu wakiwa wachache, lakini matembezi ya kupanda juu ya barafu yenyewe hayafanyiki mwaka mzima. Anayeyataka aulize kabla ya kulipa chochote.

Bariloche nayo haina uhakika wa asilimia mia. Msimu wa kuteleza huanza Juni ikielekea mwisho, na theluji ikichelewa, mwanzoni mwa mwezi mteremko unaweza kuwa na mawe mengi kuliko theluji. Ila maziwa, chokoleti na barabara za milimani vipo palepale.

Kwa vyovyote, koti la kitenge halitoshi. Safari ya Karume kutafuta koti zito la mtumba, glovu na viatu visivyopitisha maji iwe sehemu ya maandalizi, kabla hata ya jezi.

UMBALI NA MFUKO

Kutoka Buenos Aires hadi Bariloche ni kilomita 1,600 hivi kwa barabara. Ni kama kutoka Dar hadi Mwanza, kisha ukaongeza Mwanza hadi Bukoba. Basi linakula karibu siku nzima, usiku ukiwemo. Kwa ndege ni saa mbili na kidogo. Mwenye mfuko mwembamba bado ana njia ya kufika.

Calafate ni zaidi ya kilomita 2,700. Kwa basi, siku zako nne zinaishia njiani. Ni ndege tu, saa tatu na ushee, na nauli hiyo lazima uwe umeitenga mapema. Ukifika, gari la kwenda kwenye barafu na kiingilio cha hifadhi ni gharama nyingine, hakuna ujanja.

Kuna mtego mwingine. Ndege za kimataifa hutua zaidi Ezeiza, nje ya jiji, wakati ndege nyingi za ndani huondoka Aeroparque, ndani ya jiji, si mbali na Monumental. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna foleni. Anayepanga kuunganisha kwa saa mbili anacheza kamari. Na anayepanga kurudi kutoka kusini siku ileile ya ndege ya kurejea Afrika anacheza kamari kubwa zaidi, kwa sababu upepo na theluji vya Patagonia havijui ratiba ya mtu.

JINA MOJA, SEHEMU MBILI

Ajabu ni kwamba wapinzani hawa wawili wana mzee mmoja. Francisco Moreno, mpelelezi wa karne ya 19 aliyepewa heshima ya 'Perito', yaani mtaalamu, ndiye aliyelipa Ziwa Argentino jina lake mwaka 1877. Ile barafu ikaja kuitwa kwa jina lake.

Mwaka 1903 mtu huyohuyo aliirudishia serikali sehemu ya ardhi aliyokuwa amezawadiwa huko Nahuel Huapi ili ihifadhiwe kwa ajili ya wananchi. Kutokana na ardhi hiyo ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Nahuel Huapi, inayoizunguka Bariloche. Kwa hiyo anayechagua upande wowote, bado yuko nyumbani kwa Moreno.

NANI AENDE WAPI?

Kundi la watu sita wenye ladha tofauti, wengine wanataka kula, wengine kulala, wengine kupiga picha, lisijisumbue: Bariloche. Wanandoa wenye watoto: Bariloche. Aliyebakiwa na siku mbili tu, au aliyeumia mfukoni Buenos Aires: Bariloche kwa basi, au abaki jijini.

Lakini shabiki ambaye anajua moyoni kwamba hatarudi tena Argentina, mwenye siku nne kamili na nauli ya ndege, ajibane aende Calafate.

Sababu si uzuri. Sababu ni muda. Kwa miongo mingi Perito Moreno ilijulikana kama barafu ngumu, iliyokuwa imesimama imara wakati nyingine nyingi za Andes zinayeyuka. Watu wakaizoea hivyo. Utafiti uliochapishwa 2025 ukaonyesha kuwa tangu 2019 hivi nayo imeanza kurudi nyuma kwa kasi.

Afrika Mashariki haihitaji kuelezwa maana yake. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912, na Unesco ilionya mwaka 2022 kwamba barafu za mwisho za Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda zisiwepo ifikapo 2050. Wapo wazee wa Moshi wanaokumbuka kilele kilivyokuwa cheupe zaidi. Wapo Watanzania wengi walioahidi kuupanda 'mwakani', na mwakani ikawa miaka 20.

Ziwa Nahuel Huapi litakuwepo. Chokoleti ya Mtaa wa Mitre itakuwepo. Bariloche inaweza kuwa kiporo, ikachezwa siku nyingine, na hata wajukuu wakaicheza.

Barafu haina kiporo.