Mpira wa Vinyoya: Miguu Kwanza, Bega Baadaye



Yuko mchezaji tunayemjua sote. Amekwisha kujua kushika raketi, anaanzisha vizuri, na kinyoya chake kinavuka wavu. Lakini tangu hapo haendelei. Kila kinyoya anakipiga kwa nguvu zote za bega, na mchezo mmoja unamchosha kuliko kupakia lori. Tunaandika kwa ajili yake, kwa sababu bega hilohilo ndilo litakalobeba kikapu cha chai au mfuko wa saruji kesho asubuhi.

Tuanze na miguu. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, upande wako una upana wa mita 5.18, na kutoka wavuni hadi mstari wa nyuma ni mita 6.70. Aliyesimama katikati hufika pembe yoyote kwa hatua chache. Kosa la wengi ni kupiga kisha kubaki palepale wakitazama kazi yao. Piga, rudi katikati, na mwenzako anapokaribia kugusa kinyoya, ruka kidogo ili miguu yote miwili iwe tayari. Zoezi lake halina gharama: weka mawe sita, mawili mbele, mawili ubavuni, mawili nyuma. Mwenzako aonyeshe jiwe kwa kidole, nawe ukimbie kuligusa na kurudi.

Baada ya miguu, akili. Ukichelewa kufika, usipige kwa nguvu. Peleka kinyoya juu sana hadi nyuma, upate muda wa kurudi katikati. Mpinzani akiwa nyuma, dondosha karibu na wavu. Kupiga kwa nguvu kuelekea chini kufanywe tu kinyoya kikiwa kifupi na kiko mbele ya mwili wako. Wakicheza wawili kwa wawili, wanaoshambulia hukaa mmoja mbele na mmoja nyuma. Wakijihami husimama ubavu kwa ubavu. Timu nyingi hushindwa kwa kutojua lini wabadilike: ukiinua kinyoya juu, mmekwisha kuwa wa kujihami.

Wazee waliojifunza zamani wakumbuke kwamba tangu mwaka 2006 kila kosa ni pointi ya mwenzako, hata kama si yeye aliyeanzisha, na mchezo ni pointi 21. Kwa hiyo papara ni ghali kuliko zamani.

Sasa tuchukue kisiwa cha Nkombo, pale Rusizi, kuwa mfano. Atakayefunga wavu huko atakuta mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya huyagusia kidogo tu. La kwanza ni mwinuko. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na kinyoya kinachofaa Mombasa au Dar es Salaam kitapaa na kutoka nje huko. Mchezaji atajilaumu bure. Anunue kinyoya cha polepole: cha nailoni chenye utepe wa kijani, si mwekundu; cha manyoya halisi chenye namba ndogo, kama 75 au 76. Kukipima, simama kwenye mstari wa nyuma, kipige kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu. Kinyoya kizuri huanguka sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili.

La pili ni upepo wa ziwani. Tafuta uwanja uliokingwa na ukuta au miti. Ukikosa, jifunze kuutumia. Upepo ukikupuliza usoni, piga juu kwa nguvu bila hofu, utakizuia kinyoya kisitoke. Ukiwa mgongoni mwako, acha kabisa mapigo marefu. Dondosha, au piga chini, kwani vinyoya vya mpinzani navyo vitarudi vifupi, vikikungoja. Wala asinung'unike mtu kwamba kapewa upande mbaya: pande hubadilishwa kila mchezo ukiisha, na katika mchezo wa tatu, wa kwanza akifikisha pointi 11.