Brashi ya kunyolea ya badger: kwa povu la usoni, ya bei chee ndiyo yenyewe

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongee ndevu. Vijana wengi wamechoka na vipele vya kidevuni, sasa wanarudi kwenye mambo ya babu: sabuni, brashi na wembe. Swali linalofuata huwa ni hilo hilo: ninunue brashi gani, na kwa mshiko gani?

Ukitafuta kwenye intaneti utaambiwa brashi ya ukweli ni ya badger, na utaoneshwa picha za brashi zinazozidi dola 100. Kijana wa Kihonda au Sabasaba akiona bei hiyo anafunga ukurasa. Mimi nasema usifunge. Kwa anayetengeneza povu moja kwa moja usoni bila bakuli, brashi ya bei kubwa mara nyingi siyo inayomfaa.

BADGER NI NANI?

Ni mnyama wa Ulaya na Asia, wa familia moja na nyegere na kicheche. Msichanganye: nyegere wetu wa Mikumi hahusiki kabisa na biashara hii. Kule Uingereza badger analindwa na sheria ya mwaka 1992, kwa hiyo nywele nyingi za brashi zinatoka China. Mwaka 2018 wanaharakati wa haki za wanyama walionesha jinsi wanyama hao wanavyoteswa mashambani huko, na baadhi ya kampuni zikaacha kutumia nywele zao. Anayejali hilo aliweke kwenye hesabu yake.

Nywele zake zinasifiwa kwa sababu zinashika maji mengi. Zina rangi tatu: chini nyeupe au kijivu, katikati mkanda mweusi, nchani nyeupe.

MADARAJA YAKE

Kwenye lebo utakuta maneno kama pure, best, super na silvertip. Hayo ni maneno ya wauzaji, hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima, lakini kwa kawaida pure ndiyo ya chini na silvertip ndiyo ya juu. Silvertip ni laini kama pamba, inalala kirahisi ukiikandamiza. Pure ni ngumu kidogo, inakwaruza kwa mbali.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Kwenye bakuli brashi inakoroga tu. Usoni inatakiwa isukume sabuni katikati ya ndevu, izinyanyue na kuzilowesha mpaka chini. Kazi hiyo inataka brashi yenye nguvu ya kusimama. Pure inayo. Silvertip nyingi, hasa zenye nywele ndefu, zinalegea tu na povu linabaki tumboni mwa brashi. Kwa hiyo daraja la chini, ambalo ndilo la bei chee, ndilo linaloendana na povu la usoni. Mwenye ngozi laini sana tu ndiye aangalie daraja la juu yake.

VIPIMO VYA KUANGALIA

Nenda na rula, usione aibu. Fundo la nywele pale linapotokea kwenye mpini liwe na upana wa milimita 20 hadi 24. Urefu wa nywele kutoka kwenye mpini uwe kama milimita 45 hadi 52. Zikizidi hapo, brashi inayumba. Kandamiza kwenye kiganja: ikirudi yenyewe haraka, nzuri. Vuta kidogo: nywele mbili tatu kutoka siku za mwanzo ni kawaida, zikitoka kwa mafungu, mrudishie mwenyewe.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Feki zipo, na siyo za leo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ile ile iliyofika hapa Morogoro Agosti 1916, nywele za farasi kutoka Asia zilitengenezewa brashi bila kusafishwa vizuri, nyingine zikapakwa rangi zifanane na badger. Matokeo yake askari na raia wa Marekani na Uingereza waliugua kimeta usoni na shingoni, wengine wakafa. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Brashi mpya za leo hazina historia hiyo, lakini brashi kuukuu ya mtumba usiiguse, hata kama mpini wake ni wa pembe na unang'aa namna gani.

Kujua feki, lowesha brashi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, halafu ifute kwenye karatasi nyeupe. Rangi nyeusi ikitoka, kuna mtu amepaka. Chukua unywele mmoja uliodondoka, uchome. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni plastiki. Ukinuka kama nywele iliyoungua, ni wa mnyama, ila hapo bado hujajua mnyama gani.

Na hili la mnyama gani, hapa kwetu si dogo. Brashi nyingi za bei ya chini kabisa ni za nywele za nguruwe. Ukiona neno boar kwenye boksi, ni nguruwe huyo. Neno bristle likiwa peke yake nalo mara nyingi ni yeye. Ndugu zangu Waislamu, msinunue kwa kukisia, na kuhusu badger mwenyewe muulizeni shekhe. Anayetaka kulala bila maswali achukue ya nyuzi za plastiki, kwenye lebo wanaandika synthetic. Za siku hizi zinatoa povu vizuri, zinakauka haraka, na bei yake mara nyingi iko chini ya badger. Kati ya plastiki safi na badger wa kubabaisha, mimi nachukua plastiki.

NAMNA YA KUTUMIA

Loweka brashi kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili, yasiwe ya moto mkali maana yanaharibu nywele na gundi. Kung'uta. Zungusha juu ya sabuni sekunde 20 au 30. Osha uso, uache umelowa, kisha zungusha brashi kwa nchani tu dakika moja au mbili. Povu likiwa kavu, ongeza matone ya maji. Malizia kwa kupaka juu chini kama mpaka rangi. Maji yanayoshuka Uluguru hayasumbui, lakini maji ya kisima chenye chumvi yanaua povu, hapo kinga ya mvua ni mkombozi.

Ukimaliza suuza, kung'uta, iache penye hewa. Hili ni muhimu zaidi kwa wa Mgeta na vijiji vya juu, maana ukungu na mvua za masika vinaikalisha brashi na unyevu mpaka inaanza kunuka. Usiifungie kwenye boksi ikiwa mbichi.

BRASHI NI YA MTU MMOJA

Hapa siongei utani. Saluni nyingine brashi moja inapita nyuso za watu kumi, na wembe ukikwaruza, damu inaingia kwenye povu. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Ukichemsha brashi ya nywele inaharibika, kwa hiyo usitegemee kwamba kinyozi atakuwa ameichemsha. Beba yako, na wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako. Kinyozi mzuri hanuni.

Mwisho, nisiwadanganye: brashi haiponyi vipele. Inalainisha ndevu ili wembe usikwangue. Nyoa kufuata zinakoelekea, usivute ngozi, usirudie rudie. Kama ndevu zako zimejikunja na vipele vina usaha, pumzisha wembe kabisa, punguza kwa mashine, na umwone daktari wa ngozi kabla ya kutumia hela yako kwenye brashi yoyote.

Wadau mnasemaje? Mliokwisha kununua, mwageni uzoefu hapo chini. Maoni ruksa, matusi hapana.