Kuchagua Gari Lililotumika la Kubebea Watu na Mitumbwi

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, gari linalotoka Jiji la Mwanza kwenda Sengerema halilazimiki tena kusubiri kivuko. Mwananchi anayeishi karibu na mwalo anaweza kutamani gari aina ya Hiace lililokwisha kutumika, ili libebe watu, nyavu na injini ya mtumbwi, na pengine mtumbwi wenyewe juu ya keria. Gari la namna hiyo hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa kikundi. Likiharibika baada ya mwezi mmoja, marejesho ya mkopo hayasimami.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi anashauriwa kuamua kwanza kazi ya gari, kulikagua kwa kazi hiyo, na kuiandika katika mkataba kabla ya kulipa.

Anza na uzito

Tafuta kwenye nyaraka za gari uzito wake likiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo mzigo halali, na watu wamo ndani ya hesabu hiyo. Kwa mfano, gari lenye uzito mtupu wa kilo 1,900 na uzito wa juu wa kilo 2,800 lina nafasi ya kilo 900. Watu 10 wenye wastani wa kilo 70 huchukua kilo 700. Zinazobaki ni kilo 200 tu kwa mtumbwi, injini, nyavu na mafuta. Kumbuka kwamba mtumbwi wa mbao uliotoka majini ni mzito kuliko ulipokuwa mkavu.

Paa nalo lina kikomo chake, ambacho ni kidogo sana kuliko mzigo wa gari zima. Mzigo ulio juu hulifanya gari kuyumba kwenye kona na penye upepo mkali wa ziwani. Kagua mahali keria iliposhikizwa: paa lisiwe limebonyea, wala pasiwe na nyufa au mabaki ya kuchomelea. Ikiwa mtumbwi wako ni mzito, tafuta gari la mizigo lenye bodi wazi au tela, badala ya kuulazimisha juu ya paa.

Tazama chini ya gari

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa nchini hutoka Japani. Kaskazini mwa nchi hiyo, hasa Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi wakati wa baridi, na dawa za chumvi hutumika barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kula chuma. Gari lililofanya kazi huko linaweza kung'aa kwa juu huku chasisi yake imeoza. Hapa nyumbani, gari lililokuwa likibeba samaki waliotiwa chumvi au barafu hupata madhara ya aina hiyo kwenye sakafu.

Nenda mchana, ukiwa na tochi na fundi unayemwamini wewe, si aliyeletwa na dalali. Inua zulia la ndani. Kagua chasisi, springi, mabomba ya breki na sehemu ya chini ya milango. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari pekee ni sababu ya kuuliza, kwa kuwa inaweza kuficha kutu.

Lijaribu katika njia utakayopita

Omba injini iwashwe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu huashiria kwamba injini inachoma oili. Moshi mweupe usiokoma, hata injini ikiwa imeshapata moto, unaweza kuashiria kwamba maji yanaingia ndani yake. Kisha liendeshe likiwa na watu, kwenye lami na kwenye barabara ya vumbi, na usikilize shokapu na gia.

Usitegemee kilomita za kwenye dashibodi peke yake. Pedali zilizolika na usukani uliochakaa havilingani na gari linalodaiwa kutembea kidogo. Kwenye tairi, tafuta tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kupasuka likiwa na mzigo, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Hakiki nyaraka kabla ya kulipa

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi. Jina lililo kwenye kadi liwe la muuzaji. Vinginevyo, akuoneshe idhini ya maandishi ya mwenye gari. Akiwa na nakala tu, uliza kadi halisi iko wapi, kwa kuwa inaweza kuwa imewekwa kama dhamana ya mkopo. Hakiki pia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari, pamoja na uhai wa bima. Baada ya kununua, hamisha umiliki TRA bila kuchelewa. Ukikusudia kubeba abiria kwa malipo, unahitaji leseni ya LATRA.

Sheria inakulinda kwa kiasi gani?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza, na bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kazi mahususi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, sheria inaweza kumtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kazi hiyo. Lakini ukilikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua ni vigumu kuidai baadaye. Aidha, kinga hii ya ubora ni ndogo unaponunua kwa mtu binafsi ambaye si mfanyabiashara wa magari.

Basi andika katika mkataba: namba ya chasisi, bei, kasoro zilizotajwa, na maneno kama haya: “Gari limenunuliwa kwa ajili ya kubeba watu 6 na mtumbwi mmoja wa kilo 120.” Kila upande usaini mbele ya mashahidi na ubaki na nakala. Muuzaji mfanyabiashara akikupotosha, peleka mkataba, stakabadhi na picha kwenye Tume ya Ushindani (FCC). Na muuzaji akikataa fundi wako asilikague gari, au akikataa kuandika yale anayoyasema kwa mdomo, usitoe hata malipo ya awali.