Barua za Njia ya Tabora na Makaratasi ya Makashani Mwetu

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa karafuu ayafahamu maneno haya kuliko watu wengi, kwani asiyeandika pishi za wachumaji wake jioni, asubuhi hugombana nao. Lakini iko mali nyingine ambayo wengi wetu tunayo, wala hatuiandiki wala hatuihesabu, nayo ni barua za kale zilizomo katika makasha ya majumba yetu. Katika makala haya twapenda kuwaonyesha wanachama thamani ya barua hizo. Mfano wetu hatuutoi Unguja wala Pemba, bali twautoa bara, katika nchi ya Unyamwezi, kwenye njia kuu ya misafara ya zamani.

TABORA NA KARAFUU

Mwanachama aweza kuuliza: Tabora na karafuu, wapi na wapi? Jibu si la kutafuta mbali. Pembe za ndovu zilizoshushwa kutoka bara mpaka Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo kuvushwa mpaka Unguja, ziliwatajirisha watu, na utajiri ule mara nyingi uliishia katika mashamba ya mikarafuu. Mfano mkubwa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sote twamjua kwa jina la Tippu Tip. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa Ituru karibu na Tabora, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip mwenyewe alirudi Unguja, akamiliki mashamba, akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, zikachapwa mwaka 1902 na 1903. Alifariki mwaka 1905.

Wala tusifiche lililo kweli. Pembe zile zilichukuliwa mabegani mwa watu, na mashamba yale yalilimwa na watumwa, mpaka hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Baadaye Wanyamwezi wengi walivuka bahari kuja kupalilia na kuchuma kwa ujira, na wajukuu wao tunao vijijini mwetu hadi leo. Kwa hiyo historia ya njia ile ni historia ya mashamba yetu pia.

BARUA MWAKA MZIMA NJIANI

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya maili 500. Burton na Speke, waliofika Tabora tarehe 7 Novemba 1857, walitumia zaidi ya miezi minne. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 23 Juni. Reli haikufika Tabora mpaka mwaka 1912. Kabla ya hapo barua ilikwenda kwa miguu ya mtu, pamoja na marobota ya nguo na shanga, na ilisimama kila msafara uliposimama.

Tazama habari ya mfuko mmoja wa barua. Mfuko huo ulikuwa wa Dokta Livingstone, aliyekuwa Ujiji, na juu yake iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulitoka Unguja, lakini msafara uliouchukua ulikawia Bagamoyo kwa miezi. Ulipofika Unyanyembe ukalala tena. Kisha vita vikazuka baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, na njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley aliukuta mfuko ule Kwihara, akauchukua kwa njia ya kuzunguka kusini, na Livingstone akaupokea Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Barua zilikaa njiani mwaka mzima.

Mfuko huo hata kabla ya kufunguliwa watueleza mengi. Ucheleweshaji wake ni habari ya vita, ya ugumu wa kupata wapagazi, na ya uzembe wa wasimamizi. Basi msomaji wa barua ya kale na asianze na maneno ya ndani peke yake. Na atazame kwanza ilitoka wapi, lini, ilipitia kwa nani, na ilifika baada ya siku ngapi.

Mtu akitoka Tabora leo kwa barabara ya Nzega hufika Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Jina hilo la Uyui si geni katika makaratasi ya zamani. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa CMS walikuwa na kituo Uyui, na mifuko ya barua za Uganda ilipita hapo, ya kwenda na ya kurudi. Huko Urambo, magharibi ya Tabora, Dokta Ebenezer Southon alikaa tangu 1879 hata alipofariki mwaka 1882, akiwaandikia wakubwa wake London habari za Mtemi Mirambo. Barua zake zamwonyesha Mirambo aliyetaka biashara na urafiki na mataifa ya mbali, ambapo wafanyabiashara wa Tabora walimwona adui tu aliyewafungia njia. Mtu ni yule yule mmoja, lakini waandishi walikuwa mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na haja yake.

BARUA YA JACOB WAINWRIGHT

Lakini katika barua zote za njia ile, ipo moja ambayo ni bora kila mwanachama aijue. Iliandikwa Ukonongo, kusini ya Tabora, mwezi wa Oktoba 1873, na mwandishi wake ni Jacob Wainwright. Huyu alikuwa Myao, aliyekamatwa utotoni na kutiwa utumwani, akaokolewa na manowari ya Kiingereza, akapelekwa Nasik, karibu na Bombay, na huko akasomeshwa. Alikuwa mmoja wa watu waliopelekewa Livingstone, wakafika Kwihara mwezi wa Agosti 1872. Watu hao waliiacha pwani majuma machache baada ya tufani kubwa ya tarehe 15 Aprili 1872, ile iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuisaza Pemba.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliikausha maiti, wakaifunga, wakaanza kuichukua kuelekea pwani. Walipokaribia Tabora walisikia kwamba Wazungu wamefika Unyanyembe, wakadhani miongoni mwao yumo mtoto wa marehemu. Jacob akaandika barua, na Chuma akatangulia nayo. Tarehe 20 Oktoba 1873 aliifikisha Kwihara mikononi mwa Luteni Cameron, ambaye baadaye aliichapa katika kitabu chake.

Barua yenyewe ni fupi sana. Yasema kwamba wamesikia habari za kuja kwake. Kwamba baba amekufa kwa maradhi ng'ambo ya nchi ya Wabisa, nao wameichukua maiti. Kwamba watu kumi wamepotea na wengine wamekufa. Kwamba njaa yawalazimisha kuomba nguo za kununulia chakula. Kisha yauliza neno moja ambalo msomaji wa haraka aweza kulipita: tutakapoingia mjini, tupige bunduki au tusipige? Na kama ruhusa ipo, basi letewe baruti.

Sasa tuangalie mambo yaliyomo katika maneno hayo machache. Kwanza, nguo ndizo zilizokuwa fedha za njia. Mwenye nguo alikula, asiyekuwa nazo alilala na njaa. Pili, desturi ya msafara ilikuwa kuingia mjini kwa milio ya bunduki, ili watu wajue kwamba wageni wamefika kwa heshima. Watu hawa walikuwa wamebeba maiti, na hawakujua kama desturi ya furaha yafaa siku ya msiba. Wakiwa na njaa na uchovu, bado walijali adabu ya kuingia katika mji wa watu. Tatu, walikuwa na utaratibu wao na viongozi wao, wala hawakuwa kundi la wapagazi waliotawanyika baada ya mkubwa wao kufa. Hayo yote hayakuandikwa ili kutufundisha historia. Yaliandikwa kwa sababu ya haja ya siku ile, na kwa ajili hiyo twayaamini.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka ule ule, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Miezi minne baadaye, mtu aliyepata kuwa mtumwa alikuwa ndiye karani wa msafara unaotajwa mpaka leo. Jacob aliifuata maiti mpaka Uingereza, akahudhuria mazishi London tarehe 18 Aprili 1874. Kisha alirudi Afrika, na mwaka 1892 alifariki Urambo, katika nchi ile ile ya Unyamwezi.

NAKALA SAFI NA KARATASI CHAFU

Liko somo jingine. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe katika nchi ya Manyema, Livingstone aliishiwa na karatasi, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea. Baadaye alinakili habari zake vizuri katika kitabu kikubwa, ambacho wataalamu hukiita kwa jina la Unyanyembe, na Stanley akakichukua mpaka pwani mwaka 1872. Kwa miaka mingi watu walisoma habari zilizotokana na nakala safi, kwani ile ya gazetini ilikuwa imefifia. Mwaka 2011 wataalamu walifaulu kuisoma tena kwa picha za mianga mbalimbali. Ikaonekana kwamba habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, na za mwenendo wa watu wake mwenyewe, hazilingani sawasawa na zile za nakala safi.

Basi asitokee mtu akasema, “Karatasi hii imechakaa, nitainakili kisha niitupe.” Nakala ni jambo jema, lakini haishiki mahali pa asili.

MAKASHANI MWETU

Tukirudi visiwani, twajua yaliyomo makashani. Zimo barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zinazoanza kwa majina ya heshima, kisha “wa baada ya salamu”, kisha habari kwamba wote hawajambo, hata kama sentensi inayofuata yaeleza kifo. Wingi wa majina ya heshima waonyesha cheo cha aandikiwaye. Mwisho wake hutuambia kama mwenyewe ameandika kwa mkono wake, au amemwandikisha mwingine. Zimo stakabadhi za karafuu, hati za rahani, barua za masheha, na hati za eka tatu zilizotolewa baada ya mwaka 1964. Hata daftari la pishi ni historia, kwani ndani yake mna majina ya wachumaji ambao hawakuandika barua yoyote maishani mwao.

Twawashauri wanachama mambo haya:

Usizibandike barua kwa utepe wa gundi, wala usizipige pasi, wala usizitie katika plastiki ya kuyeyushwa kwa moto. Ondoa pini zenye kutu. Ziweke zimenyooka ndani ya bahasha safi, juu ya rafu, mbali na sakafu, moshi wa jikoni na jua. Zisikae chumba kimoja na magunia ya karafuu zisizokauka vizuri.

Usiandike kitu juu ya barua. Andika kwa penseli juu ya bahasha mpya: nani amemwandikia nani, tarehe iliyomo, na kasha la nani limetoka. Usitupe bahasha ya zamani, kwani mihuri ya posta ni ushahidi.

Zipige picha kwa simu, pande zote mbili. Kisha mtafute mzee asomaye herufi za Kiarabu, akusomee kwa sauti, nawe uandike. Wazee hao wazidi kupungua kila mwaka, na jambo hili halingoji.

Mwisho, kabla ya kuonyesha barua kwa watu, zungumza na jamaa. Barua yaweza kutaja deni, talaka, au asili ya mtu ambayo hapo zamani ilitumiwa kumdhalilisha. Hayo yasichomwe moto, lakini yasitangazwe bila idhini. Wenye kutaka hifadhi ya kuaminika waweza kuuliza Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja.

Msimu wa kuchuma ukianza hakuna mwenye nafasi. Kwa hiyo kasha na lifunguliwe sasa, mchana, juu ya jamvi kavu, mbele ya watoto, na kila karatasi isomwe kabla ya mtu yeyote kuamua kwamba haina maana.