Salamanda si Mjusi

Katika zoezi la tafsiri hapa Uvira tulipewa kifungu cha sayansi chenye neno "salamanda". Wenzangu wengi walipendekeza "mjusi wa maji". Mimi nilipinga, na katika makala haya naeleza sababu.

Kwa umbo, salamanda anafanana na mjusi: mwili mrefu, mkia, miguu mifupi. Lakini mjusi ni mtambaazi, na ngozi yake ina magamba. Salamanda ni amfibia, ndugu wa chura: ngozi yake ni laini na yenye unyevu, na wengi huanza maisha majini wakipumua kwa matamvua kama samaki.

Kutoka mto Ruzizi hadi Kalundu hutamwona. Barani Afrika, salamanda wa leo wanaishi kaskazini tu, katika nchi kama Morocco na Algeria. Si ajabu basi kwamba Kiswahili hakikumpa jina la asili.

Hata hivyo, zamani walifika kusini zaidi. Nchini Sudan yamepatikana mabaki, hasa pingili za uti wa mgongo, ya salamanda wa kipindi cha Kretasia, kilichokwisha miaka milioni 66 iliyopita, kabla Ziwa Tanganyika halijakuwapo. Mwaka 1996 Susan Evans, Andrew Milner na Christa Werner walimwita Kababisha, jina linalowakumbusha wasomaji Wakababish, wafugaji wa ngamia wa Sudan.

Jina lisilofaa hupotosha. Mwaka 1726 Johann Jakob Scheuchzer wa Uswisi alitangaza kwamba mifupa ya salamanda mkubwa ni ya mtu aliyeangamia katika Gharika, akaipa jina la Kilatini lenye maana hiyo. Mwaka 1811 Georges Cuvier alilichimba jiwe lenyewe mjini Haarlem, Uholanzi, akafunua miguu ya mbele: alikuwa salamanda. Lakini jina lake la kisayansi, Andrias, hadi leo lina maana ya sanamu ya mtu.

"Mjusi wa maji" lingefanya vivyo hivyo. Mwanafunzi angemweka salamanda kundi moja na kenge na mamba, na mtihani ungemwangusha. Kwa hiyo napendekeza "salamanda", ngeli ya A-WA, likifuatwa mara ya kwanza na maelezo: amfibia mwenye mkia. Kukopa neno si aibu. Kunamwonya msomaji kwamba anakutana na mgeni.